Khutba ya Ijumaa: Chakula Chetu na Umri Wetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumba kwa udongo, na katika udongo huo huo akatuoteshea riziki zetu. Tunamhimidi, tunamtaka msaada na tunamtaka msamaha. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Baada ya hayo, ndugu Waislamu, mliohudhuria msikitini na mnaotusikiliza majumbani, tunakuusieni, na tunaziusia nafsi zetu kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu katika kila jambo. Na katika jumla ya mambo hayo ni tonge tunalolitia vinywani mwetu.

Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 168, Mwenyezi Mungu amewaita watu wote, wala si Waislamu peke yao, wale katika vilivyomo ardhini vilivyo halali na vilivyo vizuri. Masharti, basi, ni mawili. Sharti la kwanza tumelishika barabara. Muislamu akiingia mkahawani, pale Basotu au Katesh, kabla hajaagiza nyama huuliza kwanza ni nani aliyechinja. Na akitiliwa shaka, huondoka na njaa yake. Hilo ni jema, na Mwenyezi Mungu amlipe kheri kila anayelilinda. Lakini lile sharti la pili, yaani chakula kiwe *twayyib*, chema, ni wangapi miongoni mwetu wanaouliza habari zake? Imam Ibn Kathir, aliyefariki mwaka 774 Hijria, sawa na mwaka 1373, katika tafsiri yake amelieleza neno hilo kuwa ni kile kinachopendeza chenyewe, wala hakidhuru mwili wala akili. Tazameni basi: madhara ya mwili yameingia katika maana ya aya. Si jambo la madaktari peke yao.

Tena madhara ni ya namna mbili. Yako yanayodhihiri usiku ule ule, kama ya mtu aliyekula uyoga wenye sumu, na hayo hata mtoto huyaogopa. Na yako yanayokwenda polepole, mwaka baada ya mwaka, bila ya kelele, hata siku moja mtu mwenye miaka hamsini na mitano, ambaye nyumba yake bado inamhitaji na wanawe bado wako shuleni, akaanguka kwa kiharusi. Watu husema: ameondoka ghafula. Huenda haikuwa ghafula hata kidogo. Ni juu ya madhara haya ya namna ya pili tunayotaka kuzungumza leo.

Watu wa zamani walizoea kukitazama chakula kimoja kimoja: hiki huongeza damu, hiki hulainisha tumbo, hiki huleta nguvu. Nasi tumeirithi desturi hiyo, hata leo mtu akisikia kwamba kitunguu saumu chafaa kwa shinikizo la damu, hutafuna punje mbili asubuhi, kisha jioni akanywa soda na kula chipsi zilizojaa chumvi, akajiona amekwisha kujitibu. Elimu ya tiba ya miaka hii imetazama jambo kwa upana zaidi. Imeutazama mlo mzima: sinia lote, na tena sinia la miaka mingi, wala si la siku moja.

Upo uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2017 katika jarida la tiba liitwalo New England Journal of Medicine. Waliofuatwa walikuwa wanawake 47,994 na wanaume 25,745, wauguzi na watumishi wengine wa tiba, watu wa makamo na wazee. Mabadiliko ya mlo wao yalipimwa kwa miaka 12, tangu mwaka 1986 hadi 1998. Kisha wakahesabiwa waliofariki katika miaka 12 iliyofuata. Kila mmoja alipewa alama kwa jumla ya chakula chake: nafaka zisizokobolewa, mboga, matunda, jamii ya kunde na samaki kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili nyama nyekundu nyingi, vinywaji vya sukari, na chumvi iliyopita kiasi. Tufanye watu mia wamepangwa safu moja kwa ubora wa mlo wao. Aliyesogea mbele nafasi ishirini katika safu hiyo, hatari yake ya kufa katika miaka ile ilipungua kwa sehemu 8 hadi 17 katika mia, kulingana na kipimo kilichotumiwa. Na aliyerudi nyuma, hatari yake iliongezeka. Lililotupendeza sisi katika habari hii ni kwamba waliobadilika hawakuwa vijana. Walikuwa watu waliokwisha kuzoea sahani zao kwa miaka mingi, na bado mabadiliko yaliwafaa.

Atasema msikilizaji mwenye akili: huenda wanaokula vizuri ndio hao hao wasiovuta sigara, wanaotembea, wenye fedha za kumwona daktari mapema. Ni kweli, na wachunguzi wenyewe walilijua hilo, wakalipiga hesabu kadiri walivyoweza, wala hawakudai kuwa wamekata shauri. Wanafunzi wa hadithi mnaotusikiliza mtalifahamu jambo hili kwa wepesi. Riwaya moja, hata ikiwa na mpokezi mwema, ina daraja yake. Lakini riwaya zikija kwa njia nyingi, kutoka miji mbalimbali, kwa watu ambao hawakupata kukutana wakapatana uongo, basi hupeana nguvu. Na ndivyo ilivyo habari ya mlo mzima: imekuja kutoka Marekani, kutoka nchi za pwani ya Bahari ya Kati, kutoka Asia, kwa vipimo tofauti, na karibu zote zaelekea upande mmoja.

Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha makadirio ya nchi 195. Yalisema kwamba katika mwaka 2017 vifo vipatavyo milioni 11 duniani vilihusiana na mlo usiofaa, na kwamba zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokana na mambo matatu: chumvi nyingi, uhaba wa nafaka zisizokobolewa, na uhaba wa matunda. Lizingatieni jambo hilo, ndugu zangu. Katika mambo matatu makubwa, mawili si ya kilichozidi katika sinia. Ni ya kilichokosekana. Sisi tumezoea kuhubiri juu ya kuacha: acheni hiki, acheni kile. Kumbe maradhi mengi yametujia kwa mlango wa kile tusichokitia.

Wala hili si jambo la Wazungu peke yao. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2012 kwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, watu wapatao 26 katika kila mia walikutwa na shinikizo kubwa la damu, na wapatao 97 katika kila mia hawakuwa wakila mboga na matunda kwa kiasi kinachopendekezwa. Tisini na saba! Katika nchi ambayo mchicha huota wenyewe kando ya choo na kando ya zizi.

Hapa ndipo wengi wetu husimama na kuuliza swali la itikadi, na ni swali la haki. Je, si tunaamini kwamba kila mtu ana ajali yake, yaani muda aliowekewa, na muda huo ukifika hausogezwi nyuma wala mbele hata kwa saa moja, kama tulivyofundishwa katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 34? Ikiwa ndivyo, dona na mchicha vitamwongezea nini mtu?

Imani hiyo ni ya kweli, nasi tunaishi nayo na tunatarajia kufa nayo. Lakini sikilizeni kisa cha Sayyidna Umar, radhi za Mwenyezi Mungu zimwendee, kama kilivyopokewa na Imam Bukhari. Alikuwa njiani kwenda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh akapata habari kwamba tauni imeingia katika nchi ile. Baada ya kushauriana na watu, akaamua kurudi. Abu Ubaida akamwuliza: je, unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Umar akamjibu kwamba ndiyo, twaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Kisha akampigia mfano wa mchungaji wa ngamia aliyeteremka katika bonde lenye pande mbili, upande mmoja una malisho na wa pili ni mkavu. Akilisha kwenye malisho, si amelisha kwa kadari ya Mwenyezi Mungu? Na akilisha kwenye ukavu, si kwa kadari hiyo hiyo? Ndipo akaja Abdurrahman bin Auf, aliyekuwa hayupo, akawaeleza yale aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.) kuhusu nchi yenye tauni, yakawafikiana na rai ya Umar.

Sisi tunaokaa katika nchi ya wafugaji hatuna haja ya kufafanuliwa mfano huo. Hakuna mchungaji kati ya Ziwa Basotu na mlima Hanang awezaye kuwaswaga ng'ombe wake kwenye jiwe tupu akasema: ajali yao iko kwa Mungu. Tukimwona afanye hivyo tutasema amerukwa na akili. Ng'ombe wake humchagulia malisho. Tumbo lake na matumbo ya wanawe, je?

Na daktari anaposema kwamba hatari imepungua, hakudai kuwa amekichungulia kitabu cha ajali ya mtu fulani. Anasema habari za watu wengi: katika watu elfu wa mlo huu wamekufa kadhaa, na katika elfu wa mlo ule wamekufa pungufu. Nani atakuwa katika idadi gani, hilo ni katika ghaibu. Mwenye mlo mwema aweza kufa kijana, na mla chumvi akazeeka. Tumewaona wote wawili. Mkulima naye hajui ni punje ipi itakayoota, lakini hilo halikumfanya amwage mbegu barabarani.

Tuseme sasa habari za Basotu yenyewe, maana Mwenyezi Mungu ameifanya nchi hii kuwa nchi ya ngano. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Serikali ya Kanada na chini ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, nyanda hizi za Hanang zililimwa mashamba makubwa, hata yakafika mashamba saba yenye jumla ya ekari zipatazo laki moja. Nchi ilipata ngano. Lakini Wabarabaig walipoteza sehemu kubwa ya malisho yao mazuri, na mashauri yakaenda hata Mahakama ya Rufani mwaka 1985. Hatukusimama kwenye mimbari kuhukumu upya yaliyokwisha hukumiwa. Twataja tu lile linalohusu sufuria: malisho yakipungua, maziwa hupungua, na maziwa yakipungua katika nyumba iliyokuwa ikiishi kwa maziwa, pengo lake hujazwa na ugali wa sembe na chai ya rangi yenye vijiko vitatu vya sukari. Mtoto hushiba. Lakini kushiba ni jambo moja, na kulishwa ni jambo jingine.

Na ngano yenyewe, tazameni safari yake. Hutoka Basotu ikiwa nzima, na unga uingiao madukani mwetu ni mweupe kama pamba, umo mifukoni yenye picha, twaupikia chapati na maandazi. Njiani imevuliwa nini? Punje ya ngano ina ganda, ina kiini, na ina wanga. Katika ganda na kiini ndimo yalimo makapi yanayosaidia tumbo na kupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu, na ndimo yalimo mafuta mema, na sehemu kubwa ya vitamini na madini. Kinu kikubwa huvitoa viwili hivyo na kutuachia wanga. Serikali, kwa kanuni za mwaka 2011, imewaamuru wasagaji wakubwa waongeze baadhi ya virutubisho, kama madini ya chuma na asidi ya foliki, katika unga wa ngano na wa mahindi, na hilo limefaa, hasa kwa mama wajawazito. Lakini ganda halirudi. Na mahindi ni hivyo hivyo: tunakoboa, tunatwaa sembe, na pumba tunawapa kuku na ng'ombe. Wallahi, mara nyingine mifugo yetu hula vizuri kuliko sisi.

Imam Bukhari amepokea kwamba Sahl bin Sa'd, swahaba wa Mtume (S.A.W.), aliulizwa kama walikuwa na machekeche katika zama za Mtume. Akasema kwamba Mtume hakuliona chekeche tangu alipopewa utume hata alipofishwa. Wakamwuliza: basi mlikulaje shayiri isiyochekechwa? Akawaeleza kwamba waliisaga, wakaipuliza. Kilichoruka kiliruka, na kilichobaki wakakilowanisha wakakila. Wanavyuoni wameitaja hadithi hii katika milango ya kuipa dunia kisogo na maisha mepesi ya Mtume, na hapo ndipo mahali pake hasa. Hatusemi kuwa kuchekecha ni haramu. Asije mtu akatoka hapa akavunja chekeche la mkewe. Tunasema hivi: chakula ambacho leo tunakionea haya mbele ya mgeni, unga wenye rangi, ndicho kilichokuwa chakula cha nyumba bora kuliko nyumba zote. Mgeni akija twaficha dona, twatoa wali mweupe na soda. Na chupa moja ya soda huwa na sukari ya vijiko vinane au tisa vya chai. Ni nani kati yenu angemtilia mgeni wake sukari kiasi hicho katika kikombe kimoja, asione kuwa anamfanyia mzaha?

Lakini tuwe waangalifu, maana nusu ya elimu huua. Kuvu lenye sumu, liitwalo sumukuvu, hupenda zaidi ganda na kiini cha mahindi. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine wakafariki katika mikoa ya Dodoma na hii yetu ya Manyara kwa sababu ya mahindi yaliyoingiwa na sumu hiyo, na haionekani kwa jicho wakati wote, wala haiondoki kwa kupikwa. Kwa hiyo anayetaka kula dona na aanzie shambani: avune kwa wakati, asiyaanike mahindi juu ya udongo mtupu bali juu ya turubai au kichanja, ayakaushe barabara, aondoe punje zilizovunjika na zenye ukungu, ahifadhi pakavu. Kisha asage kidogo kidogo, ya wiki moja au mbili, kwa kuwa unga wenye kiini huchacha upesi. Mahindi yaliyooza hata kuku asipewe, maana sumu hupita ikarudi kwetu katika mayai na maziwa. Mwenye mashine ya kusaga naye ana sehemu yake. Akiyaona mahindi mabovu asinyamaze kwa kuwa tu amelipwa.

Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa jirani zetu, mkoani Kilimanjaro, na wataalamu wa Moshi wakishirikiana na wa Uholanzi. Walikuwa vijana wa kiume 77 wenye afya. Waliozoea chakula cha asili cha shambani walipewa kwa wiki mbili chakula cha mtindo wa kizungu, cha kukaangwa na kusindikwa. Na waliozoea chakula cha mjini wakapewa cha asili: nafaka, ndizi, kunde, mboga za majani. Katika wiki mbili tu damu ilisema. Kwa wale wa kwanza dalili za uvimbe wa ndani wa mwili ziliongezeka, na askari wa mwili wakawa wazito kupambana na vijidudu. Kwa wale wa pili dalili hizo zilipungua, na baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baadaye. Wiki mbili hazipimi umri wa mtu, hilo tunalifahamu. Lakini zimetuonyesha njia inavyoanza.

Katika uchunguzi huo lilikuwamo pia kundi lililonyweshwa kinywaji cha ndizi kilichochachwa, nacho kikaonekana kuwa na faida fulani katika damu. Twalitaja ili asije mtu akatuambia tumelificha. Mwenyezi Mungu mwenyewe, katika Al-Baqara, aya ya 219, amekwisha kutujulisha kuwa katika ulevi mna manufaa kwa watu, na kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Jambo hilo kwetu limekwisha. Maharage na ndizi zisizochachwa zatutosha.

Wengine husema: babu zetu walikula nyama na maziwa, wala hawakujua presha. Daktari mmoja wa Marekani, George Mann, alikuja Tanganyika akawapima wanaume wa Kimasai 400, akatangaza mwaka 1964 kwamba hakuona kwao maradhi ya moyo kama yalivyo kwao Marekani, ingawa chakula chao kilikuwa maziwa na nyama. Baadaye, mwaka 1972, akaeleza habari za maiti 50 za Wamasai zilizopasuliwa: mishipa ya moyo ilikuwa na mafuta, lakini ilikuwa mipana, na yeye aliona kwamba ni kwa sababu ya mwendo wao wa kila siku. Basi anayetaka hoja ya Wamasai na aichukue yote. Awe na maziwa yao, na awe na miguu yao pia. Aketiye dukani tangu asubuhi hata Isha, akapanda pikipiki kwenda nyumba ya tano, kisha akaagiza nyama choma ya kilo nzima na kutaja jina la babu yake, huyo amechukua nusu ya hoja iliyompendeza.

Enyi wakuu wa nyumba, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mara nyingi lawama ya chakula humwangukia mama, na anayekwenda dukani na fedha ni baba. Ukileta nyumbani sukari kilo mbili, mafuta ya kukaangia na unga mweupe, usitarajie kukuta mlenda na kunde. Na utakapobadilisha, usibadilishe kwa ukali. Abu Huraira ametueleza kuwa Mtume hakupata kukitia ila chakula hata mara moja: akikipenda alikula, asipokitaka alikiacha. Kaa na mkeo mshauriane. Chumvi ya mezani iondoke mezani. Shirika la Afya Duniani lapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima, nazo ni kiasi cha kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha pikwa. Sukari ya chai ipunguzwe nusu kijiko kila mwezi, wala watoto hawataona tofauti. Maharage yawe kila siku. Samaki wa ziwani, wanapopatikana kwa bei nafuu, ni bora kuliko soseji. Na kila nyumba yenye maji ya kuogea ina maji ya kumwagilia matuta mawili ya mboga.

Tunajua kwamba wako ndugu zetu wasio na cha kuchagua. Mwenye debe moja la mahindi hadi mavuno huwezi kumhutubia habari za matunda. Khutba yake ni kwetu sisi tulio nacho. Katika Al-Baqara, aya ya 267, tumekatazwa kukusudia vibovu tukavitoa sadaka, hali sisi wenyewe tusingevipokea ila kwa kufumba macho. Basi tazameni furushi la futari tunalompa maskini: sukari, unga mweupe, tambi, pakiti ya juisi ya unga. Kwa nini lisiwe na kunde, choroko, tende, dagaa, njugu? Bei yake haizidi sana. Katika hadithi ya Abu Said al-Khudri, zakatul-fitri ilitolewa kwa pishi ya chakula, au shayiri, au tende, au zabibu, au maziwa makavu; na katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, unga hautoshi, ni lazima nafaka yenyewe, kwa kuwa nafaka yafaa kwa mambo yote, kuhifadhiwa, kupandwa na kusagwa, na unga umekwisha pungukiwa na hayo. Wanafunzi wa fiqhi huisoma masala hii kila mwaka, wakaipita. Safari hii na waisome pole pole, huku wakikumbuka ile punje ya Basotu.

Na Ramadhani tunayoifunga kwa ajili ya kupunguza, wengi wetu hutoka nayo wakiwa wazito kuliko walivyoingia. Sambusa, bagia, kalimati, vyote vimezama katika mafuta, na juu yake uji wa sukari, kisha tarawehe twaisali kwa kuhema. Imam Tirmidhi amepokea kwa Al-Miqdam bin Ma'dikarib mafundisho ya Mtume kwamba mwanadamu hakujaza chombo kibaya kuliko tumbo lake, na kwamba akiwa hana budi, basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi ya pumzi. Anzeni na tende na maji, msali Magharibi, kisha rudini kwenye chakula cha kawaida cha siku zote.

Nanyi wanafunzi wa shule na madrasa, fedha ya andazi na barafu ya rangi yaweza kununua ndizi mbili au fungu la karanga. Walimu wa madrasa wawasaidie kwa kumwambia mama anayeuza pale mlangoni alete hivyo. Yeye huuza kinachonunuliwa. Na mwenye kiu na anywe maji.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu wa kisukari, wa shinikizo la damu na wa moyo, walioko hospitalini Haydom, Katesh na popote walipo, na wape subira wanaowauguza. Tuteremshie mvua yenye manufaa, uyabariki mashamba ya nchi hii na mifugo yake, na uturuzuku kilicho halali na kilicho chema. Warehemu waliotutangulia. Amin.

Simameni kwa sala, Mwenyezi Mungu akurehemuni.